Kabla Hujapangisha Nyumba England, Itafutie Leseni

Sheria ya leseni za kupangisha nyumba England haina haja ya kujua kama wewe ni mwenye nyumba mwema. Mpangaji anaweza kukuita mama, akala pilau kwako kila Idi, ukamsamehe hata kodi ya mwezi aliofiwa, na bado ukawa mkosaji mbele ya halmashauri. Kosa lenyewe ni kwamba nyumba yako iko mtaa unaotaka leseni, nawe huna. Jirani wa ng'ambo ya barabara, ambaye kwa bahati yuko kata nyingine, anapangisha nyumba kama yako kwa bei kama yako na hadaiwi chochote. Kwa hiyo wanaopigwa faini si matapeli peke yao. Wamo wauguzi, madereva wa mabasi na wastaafu wenye nyumba moja tu, iliyobaki walipohamia kubwa zaidi au waliporudi nyumbani, ambao hawakujua kwamba kuna kitu cha kuomba.

Aliyezoea kupangisha Dar es Salaam au Mombasa anajua kwamba hayo ni mapatano yake na mpangaji, dalali akiwa katikati, na serikali ikibisha hodi inafuata kodi ya mapato. England halmashauri inataka kufika mlangoni kabla ya mpangaji, na kila halmashauri ina ramani yake na ada yake. Ya Leicester si ya Birmingham, na ya Birmingham si ya Newham.

Msingi wa yote ni Sheria ya Makazi ya 2004, ambayo sehemu zake za leseni zilianza kazi Aprili 2006. Leseni ni za aina tatu. Ya kwanza ni ya lazima nchi nzima, kwa nyumba wanamokaa watu wengi wasio wa familia moja; kila mtu huiita HMO, nami nitaiita hivyo. Ya pili ni ya nyongeza: halmashauri inaamua kwamba hata HMO ndogo katika eneo lake zitakuwa na leseni. Ya tatu ni leseni ya eneo, ambayo kwenye tovuti za halmashauri utaikuta kwa jina la Selective Licence. Hiyo haijali idadi ya watu. Ukipangisha nyumba kwa mtu na mkewe tu, ndani ya eneo lililotangazwa, unaihitaji.

Leseni hutolewa kwa nyumba. Mwenye nyumba tano katika maeneo yenye leseni ana maombi matano, ada tano na tarehe tano za kuisha.

Kuhesabu vichwa

HMO ya lazima ni nyumba yenye watu 5 au zaidi, waliotoka kaya 2 au zaidi, wanaotumia jiko, bafu au choo kwa pamoja. Mpaka Septemba 2018 kulikuwa na sharti la nyumba kuwa na ghorofa 3 au zaidi. Sharti hilo lilifutwa kuanzia 1 Oktoba 2018. Bado kuna wenye nyumba za kawaida za juu na chini wanaodhani haiwahusu kwa sababu walisoma mwongozo wa zamani.

Wengi hukosea kwenye kuhesabu kuliko penginepo. Mtoto anahesabiwa, hata mchanga aliyezaliwa juzi. Chukua nyumba ya vyumba vitatu: chumba kimoja wana ndoa, viwili vya kijana mmojammoja. Hao ni watu 4 wa kaya 3, na kama halmashauri haina leseni ya nyongeza wala ya eneo, mwenye nyumba hana deni. Wale wana ndoa wakipata mtoto, watu ni 5, na siku hiyohiyo nyumba imekuwa HMO ya lazima. Hakuna barua itakayokuja kukuarifu.

Kaya kisheria ni familia, na sheria imetaja ndugu inaowatambua: wazazi, babu na bibi, watoto, wajukuu, kaka na dada, wajomba na ami, mashangazi na mama wadogo, wapwa, na binamu. Ndugu wa mama mmoja au baba mmoja anahesabiwa sawa na ndugu kamili, mtoto wa kambo ni mtoto, na ndugu wa mke au mume naye yumo, hivyo shemeji hakuharibii hesabu. Asiyekuwemo ni mtu wa kijijini kwenu, rafiki wa utotoni aliyekuwa kama kaka, mtoto wa jirani mliyemlea, au mtu mnayechangia ukoo bila kuweza kuonyesha mmeungana wapi. Mbele ya ofisa wa halmashauri kila mmoja wao ni kaya yake. Mgeni aliyekuja wiki tatu kutoka Mwanza hahesabiwi, maana hapo si makazi yake makuu. Akipata kazi, akabaki, akaanza kuchangia kodi, amekuwa kichwa.

Mwenye nyumba anayekaa humohumo na kupangisha vyumba ana nafuu: yeye na familia yake pamoja na wapangaji wasiozidi 2 hawawi HMO. Wa tatu akiingia, nafuu imekwisha. Nyumba ya watu 2 tu wasio ndugu, bila mwenye nyumba ndani, nayo si HMO, ila bado inaweza kuhitaji leseni ya eneo.

Kuna biashara moja imeenea sana katika jamii zetu. Mtu anapanga nyumba nzima kwa pauni 1,600 kwa mwezi, kisha anapangisha vyumba vinne kwa pauni 600 kila kimoja, wengi wakiwa wageni waliofika nchini karibuni. Anajiona yeye ni mpangaji tu. Kisheria anayekusanya kodi na kuendesha nyumba ndiye anayeisimamia, na kosa la kukosa leseni linamkamata. Mmiliki naye asijifiche nyuma yake. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu iliamua kwamba mpangaji hawezi kudai kurudishiwa kodi aliyolipa bila nyumba kuwa na leseni na mmiliki wa juu ambaye hakupangisha naye moja kwa moja, lakini Sheria ya Haki za Wapangaji ya 2025 imeuziba mwanya huo.

Eneo na mipaka yake

Leseni ya eneo hutangazwa kwa muda usiozidi miaka 5. Kabla ya kutangaza, halmashauri inapaswa kuchukua maoni ya watu kwa wiki 10 angalau, na ikishatangaza lazima ipite miezi 3 kabla mpango haujaanza. Sababu zinazokubaliwa ni nyumba kukosa wapangaji, fujo mitaani, na tangu 2015 pia ubovu wa nyumba, uhamiaji mwingi, umaskini na uhalifu. Newham, mashariki ya London, ndiyo iliyotangulia kuliweka eneo lake lote chini ya leseni, Januari 2013. Liverpool ilikuwa na mpango wa mji mzima kuanzia 2015. Ilipoomba kuurudia serikali kuu ilikataa, ikarudi Aprili 2022 na kata 16. Birmingham ilianza Juni 2023 na kata 25 kati ya 69.

Serikali kuu iliweza kukataa kwa sababu tangu 2015 mpango uliozidi asilimia 20 ya eneo, au asilimia 20 ya nyumba za kupanga, ulihitaji kibali cha waziri. Desemba 2024 sharti hilo liliondolewa, na sasa halmashauri huamua zenyewe hata kwa mji mzima. Maana yake kwako ni kwamba jibu la mwaka juzi halifai. Kila mwaka, weka siku moja ya kuangalia upya. Ukiweza, jiandikishe kupokea barua pepe za idara ya nyumba ya halmashauri yako. Ile miezi 3 ya kusubiri ndiyo muda wako wa kuandaa vyeti bila kukimbizana, na halmashauri kadhaa hutoa punguzo kwa wanaowahi.

Kuangalia kwenyewe ni dakika kumi. Tovuti nyingi za halmashauri zina kisanduku cha kuandika postikodi. Ila postikodi moja inaweza kukatwa na mpaka wa kata, kwa hiyo tafuta nyumba yenyewe kwa namba yake, na jibu likiwa halieleweki, andika barua pepe: anwani kamili, idadi ya watu, uhusiano wao, na swali moja, "Je, nyumba hii inahitaji leseni yoyote leo?" Hifadhi jibu. Mwaka 2021 Upper Tribunal, baraza la rufaa, lilimwachia mwenye nyumba kwa sababu ofisa wa halmashauri mwenyewe alikuwa amemwambia kwamba leseni haihitajiki. Kuambiwa hivyo na wakala ni jambo jingine. Baraza hilohilo lilisema mwaka 2022 kwamba anayejitetea kwa wakala lazima aonyeshe wakala alikuwa na wajibu wa kimkataba wa kumwarifu, kwamba alikuwa na sababu ya maana ya kumtegemea, na kwa nini yeye mwenyewe hakuweza kujua. Ni wachache wanaovuka vizingiti hivyo.

Ukipangisha kwa ndugu yako wa karibu ambaye nyumba hiyo ndiyo makazi yake, na unamiliki ardhi yake au una haki ya kuikalia kwa zaidi ya miaka 21, hushikwi na leseni ya eneo.

Maombi, na kwa nini siku ya kutuma ina uzito

Kosa la kukosa leseni huhesabiwa siku kwa siku, na kinachosimamisha saa si leseni mkononi bali ombi lililowasilishwa kwa ukamilifu. Tangu siku hiyo una utetezi, hata halmashauri ikichukua miezi minane kukujibu. Neno "ukamilifu" ndilo linalowaliza watu. Fomu iliyojazwa nusu ikaachwa mtandaoni si ombi. Fomu iliyokamilika bila ada si ombi. Fomu na ada bila vyeti vinavyodaiwa inaweza kurudishwa, na miezi yote ya katikati ikahesabika kuwa ya kosa. Kusanya kwanza, jaza baadaye, tuma na kulipa kwa mpigo mmoja, kisha hifadhi risiti yenye tarehe.

Vya kukusanya ni hivi. Cheti cha gesi kutoka kwa fundi aliyesajiliwa Gas Safe, kisichozidi miezi 12. Ukimwita fundi ndani ya miezi miwili ya mwisho kabla cheti hakijaisha, tarehe yako ya mwaka haibadiliki, kwa hiyo hakuna sababu ya kungoja siku ya mwisho. Ripoti ya umeme, EICR, ya kila miaka 5. Kuwa nayo hakutoshi, isome: alama ya C1 ni hatari iliyopo, C2 ni hatari inayoweza kutokea, FI ni uchunguzi zaidi, na yoyote kati ya hizo inaifelisha ripoti na kukudai matengenezo ndani ya siku 28. C3 ni pendekezo tu, haifelishi. Halmashauri hupokea ripoti zilizofeli kila siku kutoka kwa watu waliodhani kulipa fundi ndiko kufaulu. Cheti cha nishati, EPC, daraja la E au juu yake. Mchoro wa kila ghorofa wenye vipimo vya vyumba. Wa mkono unatosha mahali pengi mradi uwe na rula na namba. Mkataba wa mpangaji unaoutumia. Na majina na anwani za wote wenye maslahi katika nyumba: benki iliyokukopesha, mmiliki wa ardhi kama ni fleti, mwenzako mnayemiliki naye. Hao sheria inakutaka uwaarifu kwamba umeomba. Hapo ndipo siri huvuja kwa waliochukua mkopo wa nyumba ya kukaa wenyewe kisha wakapangisha bila ruhusa ya benki. Malizana na benki kabla ya kuomba. Usiache kuomba kwa kuogopa benki, maana utakuwa umeongeza kosa la pili juu ya la kwanza.

Jina la kuandika kwenye leseni ni la mtu anayefaa zaidi, na kwa kawaida ni yule anayepokea kodi na mwenye uwezo wa kuamua matengenezo. Halmashauri itamchunguza kama ni mtu mwadilifu na anafaa: hukumu za udanganyifu, ukatili, dawa za kulevya au ubaguzi, na rekodi ya kuvunja sheria za nyumba. Aliyerudi Zanzibar, Nairobi au Muscat ataona ugumu hapa. Halmashauri nyingi hazitaki leseni ishikwe na mtu aliye nje ya nchi, kwani hawezi kufikishwa mlangoni bomba likipasuka. Zitataka msimamizi aliye Uingereza, mwenye fedha na mamlaka ya kuita fundi bila kukupigia simu kwanza. Mdogo wako anayekaa Coventry anaweza kufaa, lakini aelewe kwamba akiwa ndiye mwenye leseni, faini ya masharti yaliyovunjwa inaandikwa kwa jina lake.

Ada hutofautiana sana, kuanzia pauni mia kadhaa hadi zaidi ya elfu moja, na HMO kwa kawaida ni ghali zaidi. Hulipwa kwa mafungu mawili: la kwanza unapotuma, kwa kazi ya kushughulikia ombi, la pili leseni inapokubaliwa, kwa gharama za kuendesha na kusimamia mpango. Mgawanyo huo haukuja kwa hisani. Ulisisitizwa na Mahakama Kuu mwaka 2018 katika shauri lililoihusu halmashauri ya Richmond upon Thames. Usisahau fungu la pili. Maombi mengi hukwama hapo, barua pepe ya kulidai ikiwa imeangukia kwenye taka. Na huwezi kumtoza mpangaji ada hiyo kama malipo ya pembeni, kwani sheria ya 2019 kuhusu malipo ya wapangaji inakataza.

Halmashauri ikiridhika itakuletea rasimu ya leseni na kukupa siku 14 angalau za kutoa maoni. Wengi hawaifungui. Isome neno kwa neno, hasa idadi ya watu inayoruhusiwa na kazi za ujenzi unazotakiwa kufanya na tarehe zake. Kubadilisha sharti wakati wa rasimu ni barua moja. Baada ya hapo ni rufaa kwa First-tier Tribunal, baraza la migogoro ya nyumba, ndani ya siku 28.

Chumba kidogo na mlango mzito

Kwa HMO zenye leseni, chumba cha kulala mtu mmoja mwenye zaidi ya miaka 10 kisipungue mita za mraba 6.51. Watu wawili, 10.22. Mtoto aliye chini ya miaka 10, 4.64, na chini ya hapo hakilaliki kabisa. Nyumba za zamani za kuungana, zile za matofali mekundu, karibu zote zina kile chumba kidogo cha mbele juu ya ngazi. Chenye mita 2.1 kwa 3.1 kinafika 6.51 barabara. Chenye 2.0 kwa 3.2 ni 6.40, kimefeli, na hakuna kuombana. Vipimo ni vya sakafu, ukuta hadi ukuta. Sehemu ambayo dari yake iko chini ya mita 1.5 haihesabiwi, jambo linalovimaliza vyumba vingi vya darini. Ukikata kona ya chumba kuweka bafu la ndani, kona hiyo imetoka kwenye hesabu. Hiki ni kiwango cha chini cha nchi. Halmashauri inaweza kutaka zaidi, hasa kama nyumba haina sebule. Leseni ya kwanza ikitolewa wakati mtu tayari analala kwenye chumba kilichopungua, halmashauri inaweza kukupa muda usiozidi miezi 18 wa kurekebisha. Kumfukuza wiki ijayo si jibu.

Moto ndio sababu ya masharti mengi ya HMO, na hapa sina huruma na wanaolalamika. Watu watano wasiojuana, kila mmoja na ratiba yake ya kupika usiku, mmoja akiwa amelala ghorofa ya juu: njia ya kutokea ni ngazi moja, na ngazi hiyo ikijaa moshi hakuna ya pili. Ndiyo maana milango ya vyumba na jiko hutakiwa iwe ya kuzuia moto kwa dakika 30, inayojifunga yenyewe, yenye bawaba tatu na utepe unaovimba kwa joto kuziba mwanya. Mwanya pembeni uwe kama milimita 3. Wakaguzi hukuta makosa yaleyale: mlango umekatwa chini kupisha zulia jipya, utepe umepakwa rangi, kifaa cha kuufunga kimefunguliwa na mpangaji kwa sababu mlango unagonga, au jiko limeachwa wazi kwa kabari ya mbao. Dawa ya mlango unaogonga ni kurekebisha kasi ya kifaa kwa bisibisi; kazi ya dakika tano. Ving'ora viunganishwe ili kimoja kikilia vyote vilie, na jikoni kiwe cha joto badala ya moshi, la sivyo kila chapati italiza nyumba nzima na mtu atatoa betri. Kitasa cha mlango wa kutokea kifunguke kutoka ndani bila ufunguo.

Kwa leseni ya eneo masharti ni mepesi zaidi: king'ora cha moshi kila ghorofa, cha kaboni monoksaidi kila chumba chenye boila au tanuri la kuni, umeme na fanicha salama, mkataba wa maandishi, na kudai barua za udhamini kutoka kwa mpangaji mpya. Jaribu ving'ora siku mpangaji anayoingia na mwekeshe saini papo hapo. Halmashauri nyingi huongeza ukaguzi wa kila miezi 6 na utaratibu wa taka. Andika kila ukaguzi: tarehe, ulichokiona, ulichotengeneza, picha mbili tatu. Ofisa akija mwaka wa tatu, atadai daftari kabla ya kuangalia ukuta.

Bei ya kukosa

Halmashauri ina njia mbili. Inaweza kukupeleka mahakamani, ambako faini haina kikomo, au kukutoza adhabu yenyewe bila mahakama. Adhabu hiyo ilikuwa hadi pauni 30,000 kwa kosa, na kuanzia 1 Mei 2026 kilele kinapanda hadi 40,000. Kuvunja sharti la leseni ni kosa la pekee, na kujaza watu kuliko idadi iliyoandikwa kwenye leseni ya HMO ni jingine. Kanuni za usimamizi wa HMO za 2006 zinawagusa hata wenye HMO ndogo zisizohitaji leseni: jina, anwani na simu ya msimamizi visipobandikwa mahali pa kuonekana, ni kosa.

Lakini pigo linaloumiza familia nyingi zaidi hutoka kwa mpangaji. Anaweza kwenda First-tier Tribunal kuomba arudishiwe kodi aliyolipa wakati huna leseni. Hahitaji wewe uwe umehukumiwa popote. Anachotakiwa ni kuthibitisha kosa bila shaka ya msingi, na kwa kukosa leseni, chapisho la daftari la leseni la halmashauri na mkataba wake humfikisha karibu kabisa. Daftari hilo ni la wazi kwa yeyote. Kiwango kilikuwa kodi ya miezi 12. Kwa makosa ya kuanzia 1 Mei 2026 ni miezi 24. Nyumba ya pauni 1,400 kwa mwezi ina hatari ya pauni 33,600. Baraza huanza na kodi yote, hutoa maji, gesi na umeme kama ulikuwa unamlipia, kisha hupima uzito wa kosa na mwenendo wa pande zote. Huko ndiko wema wako hupata thamani: unaweza kupunguza kiasi. Haufuti kosa. Kama kodi ililipwa kwa msaada wa serikali, halmashauri inaweza kuidai hiyo sehemu yenyewe.

Kuuza, kufariki, kurudi nyumbani

Leseni haihamishiki. Ukinunua nyumba yenye wapangaji ndani na muuzaji akakukabidhi leseni yake yenye miaka 3 iliyobaki, umepokea karatasi. Wewe ni mwombaji mpya tangu siku ya kukabidhiwa. Mwenye leseni akifariki, nyumba huhesabiwa kuwa na msamaha kwa miezi 3. Warithi watumie muda huo kuomba au kuacha kupangisha, wala wasisubiri mirathi iishe, maana mirathi hapa huweza kuchukua zaidi ya hiyo.

Unayetaka kuuza au kuirudisha nyumba iwe ya kuishi familia moja unaweza kuomba msamaha wa muda wa miezi 3, ambao kwa sababu nzito huongezwa mara moja kwa miezi 3 mingine. Uombe kwa maandishi na ueleze hatua utakazochukua, siyo nia tu: barua ya wakala wa mauzo, tarehe ya mpangaji kuondoka.

Leseni pia si kibali cha ujenzi. Miji mingi imeondoa ruhusa ya kubadili nyumba ya familia kuwa HMO ya watu 3 hadi 6 bila kibali cha mipango miji, na HMO ya zaidi ya watu 6 huhitaji kibali popote England. Idara hizo ni mbili na zinaweza kukujibu tofauti. Anza na ya mipango miji, kwa sababu ada ya leseni hairudi ukinyimwa kibali.

Haya yote ni ya England. Wales ina mfumo mmoja wa nchi nzima, Rent Smart Wales, tangu Novemba 2015: mwenye nyumba anajisajili, na anayesimamia mwenyewe anapata mafunzo na leseni. Scotland husajili kila mwenye nyumba, na HMO yake huanzia watu 3 wa familia 3.

Ukigundua leo kwamba umekuwa ukipangisha bila leseni, usiandike barua ya kumwondoa mpangaji. Kumwondoa hakufuti miezi iliyopita, na ndiko kutakakompeleka kwa mshauri wa makazi. Piga picha vyeti ulivyo navyo, mwite fundi wa umeme kesho, pima vyumba usiku huu, na utume ombi kamili wiki hii pamoja na fungu la kwanza la ada. Kwenye swali la lini nyumba ilianza kupangishwa, andika tarehe ya kweli, kwa sababu taarifa ya uongo ni kosa jingine na ofisa tayari ana rekodi za kodi ya halmashauri za anwani hiyo.